Meno yalinyooka, mdogo wangu hakupona

Meno ya mdogo wangu ni mazuri. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kila nikianza kusimulia habari zake watu hudhani namzungumzia kijana ambaye meno yamempanda, au yametokeza mpaka midomo haifungi. Hayakuwa hivyo hata utotoni. Jino moja la mbele, la juu upande wa kushoto, lilikuwa limejipinda kidogo, na ilibidi akuonyeshe mwenyewe kwa kidole ndipo ulitambue. Mama aliyemlea hakulijua hadi siku alipoonyeshwa, na hata siku hiyo aliuliza, "Lipi hasa, mwanangu?"

Jino hilo lilimla ujana. Lilimnyima usingizi, likamvunjia uchumba, likamtoa kwenye kazi yake ya kwanza. Alipovaa waya za meno jino likanyooka, daktari akafurahi, naye akazidi kuumwa.

Ameniruhusu niandike. Amesoma kila aya kabla sijaiweka hapa, na sharti lake lilikuwa moja: nisimfanye mtu wa kuhurumiwa, nieleze ugonjwa wenyewe unavyokwenda, ili kijana mwingine anayeongea huku mkono umeziba mdomo ajue kwamba anachoumwa kinajulikana na kinatibika.

Wataalamu wa afya ya akili wanayaita maradhi haya dismofia ya mwili. Mtu hushikwa na fikra ya kasoro fulani katika sura au umbo lake. Wengine hawaioni, au wakiiona wanaona ni jambo dogo, lakini yeye haimtoki. Anaikagua, anaificha, anajilinganisha na kila anayekutana naye, anauliza watu, na siku inapita. Ili iitwe ugonjwa lazima iwe inamtesa kweli, au imemharibia kazi, masomo na maisha yake na watu. Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kuwa takriban watu 2 katika kila 100 wanayo, na wanaume hawapishani sana na wanawake. Mara nyingi huanza mapema, kabla mtu hajafika miaka 18. Wengi huteswa na ngozi, pua au nywele, na wapo wanaoteswa na meno.

Si maradhi mapya. Daktari wa akili wa Italia, Enrico Morselli, aliyaeleza mwaka 1891. Alisema mgonjwa wake anaweza kuwa kazini, kwenye mazungumzo, akisoma au mezani akila, ghafla akavamiwa na hofu kwamba ana ulemavu wa sura, hofu inayoweza kumfikisha kwenye machozi. Nilipoyasoma maelezo hayo nilimwona mdogo wangu mezani kwetu, sahani ya wali imepoa mbele yake, ulimi unapapasa jino.

Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliyahamisha maradhi haya na kuyaweka katika ukoo mmoja na wasiwasi wa kurudiarudia, yaani yule mtu anayerudi kukagua kufuli au kunawa mikono hadi ngozi ichubuke. Mimi nimekulia Tanga, na kwetu hakuna asiyemjua mtu wa wasiwasi wa udhu. Ananawa mkono, anatia shaka, ananawa tena, watu wanaingia kwenye swala na kutoka, yeye bado yuko bombani. Maji hayamwondolei shaka, yanaizidisha. Mdogo wangu na kioo walikuwa hivyohivyo.

Kioo cha bafuni kilikuwa mwanzo tu. Kulikuwa na kioo cha gari lililoegeshwa, kioo cha mlango wa benki, skrini ya simu iliyozimwa, hata mgongo wa kijiko. Alijifunza kucheka midomo ikiwa imefungwa. Kwenye daladala alikuwa anatafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto, ili abiria wa pembeni auone upande wa kulia wa uso wake, na kama kiti hicho kimekaliwa aliacha gari liende. Kwenye picha za harusi za ukoo mzima hayumo, au yumo nyuma ya bega la mtu. Baadaye nilikuja kujua kwamba simu yake ilikuwa imejaa picha za meno yake mwenyewe, zilizopigwa kwa mwanga wa kila aina, zikavutwa mpaka jino likajaa skrini nzima.

Picha hizo zilimfunga zaidi, na kuna sababu ya kimaumbile. Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Kamera ya mbele ya simu nayo, unapojitazama kabla ya kupiga, hukuonyesha uliyegeuzwa vilevile, lakini simu nyingi zikishahifadhi picha huirudisha upande wake wa kweli. Kwa hiyo jino lililopinda kuelekea huku kwenye kioo linapinda kuelekea kule kwenye picha. Hakuna uso wa binadamu uliolingana kushoto na kulia, na sote tunapoiona picha yetu iliyogeuzwa tunahisi kuna kitu hakiko sawa. Wewe na mimi tunaipita. Yeye alikaa nayo usiku kucha akitafuta ni ipi ya kweli, na akaamini kwamba meno yanatembea.

Haya yote aliyaficha, na aliyaficha kwa aibu. Kijana wa kiume, mzima wa mwili, mtoto wa watu wanaohangaika na ada na kodi ya nyumba, angeanzaje kusema kwamba hali wala halali kwa sababu ya jino? Angeitwa mwenye maringo. Na hapo ndipo watu wanapokosea kuhusu maradhi haya. Mwenye maringo hupenda kutazamwa. Mdogo wangu alitamani siku ipite pasiwe na jicho hata moja lililomwangalia.

Alipopata ajira, jambo la kwanza alilolifanya ni kukopa Saccos ya kazini akaenda kuweka waya. Sote tulimpongeza. Mtu mzima amejilipia matibabu yake, kuna ubaya gani? Na kwa kweli hakuna ubaya wowote kwa mtu mzima kutaka meno yake yapangwe. Kuna watu ambao meno ya juu yametangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 9, na kipimo kinachotumika sana Uingereza kuamua nani anahitaji matibabu, kilichotungwa na Brook na Shaw mwaka 1989, kinawaweka kwenye daraja la 5, la wenye uhitaji mkubwa kuliko wote. Meno ya namna hiyo huvunjika mtoto akianguka. Kuna watoto wanaotaniwa shuleni mpaka wanaogopa kunyoosha mkono darasani. Kuna waliong'olewa vijino wakiwa wachanga na waganga wa mitaani kwa imani kwamba ni "meno ya plastiki" yanayomletea mtoto maradhi, wakakua na meno yaliyokosa pa kuotea. Hawa wote wana haki ya kupata waya, na nisingependa mtu asome makala hii kisha amnyime binti yake matibabu kwa kudhani ni maradhi ya akili.

Waya zenyewe hufanya kazi ya ajabu. Vibati vidogo hugandishwa juu ya meno, waya hupitishwa humo na kuyavuta polepole. Upande unaokandamizwa, chembe hai hula mfupa, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa. Jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na ndiyo maana si mchezo: mizizi ya meno inaweza kupungua urefu, madoa meupe yakabaki pale mswaki ulipokuwa haufiki, na bila ritena, kifaa kinachovaliwa baada ya waya ili kuyashikilia, meno hurudi yalikotoka.

Muda wote aliokuwa na waya mdogo wangu alitulia. Alicheka. Alirudi kuongea na yule dada aliyetaka kumchumbia. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kilichomtuliza hakikuwa jino kunyooka. Alikuwa na ahadi mkononi. Kila alipojitazama alijiambia bado kazi haijaisha, kwa hiyo hukumu ilikuwa imeahirishwa.

Waya zilitolewa, na furaha haikumaliza mwezi. Jino lilikuwa limekaa mahali pake, hata yeye alikiri. Sasa tatizo likawa mstari wa kati, ule mpenyo baina ya meno mawili makubwa ya mbele. Alisema haukai chini ya katikati ya pua, umeenda pembeni karibu milimita 1. Alikuwa ameupima kwa rula.

Kuna utafiti ambao ningetamani kila daktari wa kupanga meno aubandike ukutani. Mwaka 1999 Vincent Kokich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichukua picha za tabasamu wakazibadilisha kwa kompyuta: hapa mstari wa kati umesogezwa kidogo, hapa zaidi, hapa zaidi tena. Wakawaonyesha madaktari wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida, na watu wasio na taaluma hiyo. Mstari ulipokuwa umesogea kwa milimita 4, wataalamu wa kupanga meno ndio walioona tabasamu limepungua uzuri. Madaktari wa kawaida na watu wengine hawakuona tofauti hata kwa milimita 4 hizo. Mdogo wangu alikuwa anakosa usingizi kwa robo yake.

Nilimwonyesha matokeo hayo. Akayasoma kwa makini, akasema, "Dada, hao watu hawakuniona mimi."

Ikafuata miaka ya kuzunguka. Kliniki moja ilimwambia meno yako sawa, nenda nyumbani. Akatoka hapo akiamini daktari hajui kazi. Nyingine ilikubali kuyasugua pembeni kidogo ili kurekebisha, na baada ya hapo akawa na malalamiko mawili badala ya moja, kwa sababu sasa aliona pia pengo. Ya tatu ilimpa bei ya kuvaa waya upya. Sitazitaja, wala sidhani waliomhudumia walikuwa watu wabaya. Kila mmoja aliangalia mdomoni, maana ndiko alikofundishwa kuangalia.

Kwa nini yeye aone kitu ambacho sisi hatukioni? Jibu linaloniridhisha limetoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambako Jamie Feusner na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa ubongo wa watu wenye dismofia. Waliwaonyesha picha za nyuso, baadhi zikiwa zimefifishwa hata zikabakisha umbo la jumla tu, bila vitu vidogovidogo. Watu wa kawaida wakiona picha ya namna hiyo hutumia zaidi sehemu za ubongo zinazotambua sura kwa ujumla wake. Wenye dismofia waliishughulikia kwa upande wa kushoto wa ubongo, sehemu zinazochambua vipande vidogo, hata pale ambapo picha haikuwa na vipande vya kuchambua. Na hizo zilikuwa nyuso za watu wengine. Maana yake ni kwamba mdogo wangu hakuwa anatunga. Uso wake ulimfikia vipandevipande, akashindwa kuuona mzima.

Ndiyo maana kumbishia hakusaidii. Nyumbani tulimjibu kwa namna ambayo familia yoyote yenye upendo ingejibu. Mama alimwambia amshukuru Mungu kwa alichomjaalia. Shangazi alimkumbusha kuwa Muumba hakosei. Mimi nilikuwa namwambia amependeza, na nilikuwa nasema kweli. Kila jibu lilimpa nafuu ya dakika chache, kisha shaka ikarudi na njaa zaidi, akauliza tena kwa maneno mengine. "Lakini ukinitazama kwa pembeni je?" "Lakini nikicheka?" Wanaotibu maradhi haya wanasema kuomba kuhakikishiwa ni dalili ya ugonjwa sawa na kujikagua kwenye kioo, na kila unapomhakikishia mgonjwa unamrudisha kwenye swali lilelile. Ni vigumu mno kwa familia ya Kiswahili kulikubali hili. Kwetu mtu akihuzunika anafarijiwa. Kumnyima ndugu yako neno la faraja kunaonekana ukatili.

Wapo watakaosema haya ni matokeo ya simu na filta. Simu zina lawama yake na nimeshaieleza. Lakini Morselli aliandika miaka zaidi ya 130 iliyopita, na hakukuwa na selfi. Wala uzuri wa meno haujawahi kuwa mmoja. Vitabu vya kupanga meno vinaeleza jinsi ya kuziba mwanya, na huku pwani binti mwenye mwanya anasifiwa hadi kwenye mashairi. Wamakonde walichonga meno yao ya mbele yakawa na ncha. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini, na Wamaasai nao hung'oa mawili ya chini ya mbele. Arusha na sehemu za Kilimanjaro, ambako maji yana madini mengi ya floridi, utakutana na watu wenye meno ya kahawia tangu yalipoota, wanaocheka kwa sauti kubwa na kinywa kikiwa wazi. Jamii huamua meno gani ni mazuri. Dismofia huja na jambo lake lenyewe, na hukamata chochote kilicho karibu. Kama mdogo wangu angezaliwa karne iliyopita huenda ingekuwa pua au masikio.

Aliyeona ni daktari mmoja mama mtu mzima, wa hospitali ya umma. Alimkalisha kwenye kiti, akamkagua kwa muda, akavua glovu, akavuta kiti chake akakaa wakawa wanatazamana uso kwa uso. Akamuuliza, "Mwanangu, kwa siku moja jino hili unaliwaza saa ngapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akajibu kwamba ni saa zote anazokuwa macho. Daktari akamuuliza kuna mambo gani hayafanyi kwa sababu ya meno, naye akaanza kuyataja: kazi aliyoiacha kwa kuwa ilimtaka aongee mbele ya wateja, posa iliyovunjika, misiba ya jirani asiyokwenda. Kisha akamuuliza, nikikupangia tena utafanya nini siku ya kwanza? Akasema, "Nitaanza kuishi."

Jibu hilo la mwisho, naambiwa, ndilo linalomshtua daktari anayejua maradhi haya. Mtu wa kawaida anayetaka waya atakwambia anataka acheke vizuri, au chakula kisikwame. Anayeumwa dismofia ameyatundika maisha yake yote kwenye jino.

Na huyu mama hakumwambia meno yako sawa. Alimwambia, "Naamini unateseka, na mateso yako ni ya kweli. Nikilisogeza jino hili tena nitaudhuru mzizi wake na mateso yatabaki palepale. Nina mwenzangu anayetibu mateso yenyewe. Nakuomba uende kwake, na mimi mlango wangu uko wazi, utarudi uniambie." Akaandika barua, kisha akapiga simu mbele yake ili asifike kule akahesabiwa mtu aliyepotea njia. Neno "kichaa" halikutajwa wala halikuhisiwa.

Maswali aliyouliza hakuyabuni. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2005 kuhusu maradhi haya unapendekeza maswali ya aina hiyohiyo kwa watu walio katika hatari: je, unawaza sana kuhusu sura yako na kutamani ungewaza kidogo? Ni kitu gani hasa kinachokusumbua? Kwa siku ya kawaida kinakuchukua saa ngapi? Kinaathiri vipi maisha yako? Zaidi ya saa moja kwa siku inahesabiwa kuwa imepita kiasi. Maswali hayo yanachukua dakika chache tu.

Na katika kliniki za waya ndiko yanakohitajika hasa. Mwaka 2006 Sarah Hepburn na Susan Cunningham walichapisha utafiti uliofanyika London kwa watu wazima. Katika wagonjwa 40 waliokuja kutaka kupangwa meno, 3 walikuwa na dalili za dismofia, yaani asilimia 7.5. Katika watu 70 wa kawaida waliolinganishwa nao walikuwa 2, chini ya asilimia 3. Ni utafiti mdogo. Lakini Iran ulifanyika mwingine mkubwa zaidi, wa wagonjwa 270, na asilimia 5.5 yao walikuwa nayo. Weka wastani wako wa tahadhari: daktari anayepokea watu 20 wanaotaka waya ana sababu ya kudhani kuwa mmoja wao ameleta ugonjwa ambao waya haziufikii.

Nimeona fomu za kliniki zetu za meno. Zinauliza kisukari, presha, mzio wa dawa, ujauzito. Zinauliza vizuri, kwa sababu kila moja ya hizo hubadilisha uamuzi wa daktari. Dismofia nayo hubadilisha uamuzi, na haimo. Naona hili ni pengo la taaluma nzima na linaweza kuzibwa kwa mistari miwili ya fomu. Daktari akishauliza, mambo mengine atayaona mwenyewe: mgonjwa aliyekuja na rundo la picha, aliyepita kwa madaktari wengi na kuwalaumu wote, anayeelezea kasoro ambayo hata kwa kioo cha kliniki haionekani. Kumkatalia mtu huyo waya kwa upole, ukamwelekeza anakopaswa kwenda, nako ni kumtibu. Na akiwa kweli meno yake yana tatizo la kurekebishwa, hakuna kilichoharibika. Atatibiwa akili kwanza, kisha madaktari wawili wakae waamue pamoja lini waya zianze.

Tiba yenyewe ni ya namna mbili, na mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni dawa za kundi la fluoksetini, ambazo hutumika pia kwa sonona. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa dismofia mara nyingi hutumika kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na huhitaji subira, kwani inaweza kuchukua hata wiki 12 kabla mtu hajaona tofauti kamili. Hapo wengi hukata tamaa, wakaacha dawa katikati wakisema haifanyi kazi.

Ya pili ni mazungumzo ya tiba yenye mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyonifundisha mengi. Mdogo wangu alitakiwa kupanda daladala na kukaa kiti cha upande wa pili, akae na hofu hiyo mpaka kituo cha mwisho bila kuziba mdomo, na kesho yake tena. Alipewa zoezi la kioo: kusimama umbali wa kawaida, si pua ikigusa kioo, aueleze uso wote kuanzia nywele hadi kidevu kwa maneno yasiyohukumu. Nywele fupi nyeusi. Nyusi nene. Pua. Meno meupe. Alisema mara ya kwanza alipofika kwenye meno sauti ilikwama. Alifuta picha zile zote, kidogokidogo, na siku ya kufuta za mwisho alitapika.

Na sisi tulipewa letu. Akiuliza kuhusu meno, tusijibu ndiyo wala hapana. Tumwambie, "Hilo tulikubaliana silijibu. Njoo tunywe chai." Mama lilimchoma sana. Wiki za mwanzo alikuwa anaingia chumbani kulia baada ya kulisema. Leo anamwambia huku anamimina chai, naye anacheka.

Hajapona kabisa, na amenikataza nisiandike kwamba amepona. Bado yuko kwenye dawa. Kuna asubuhi kioo kinamshika, hasa akiwa amelala vibaya, na hujua sasa kwamba ni ugonjwa umeamka, wala mstari wa kati haujasogea. Amerudi kazini, kazi ya kuongea na watu. Ritena anaivaa usiku.

Kwa anayejiona ndani ya maelezo haya: huduma zipo. Idara ya afya ya akili ya Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja, Mathari kwa walioko Nairobi, na hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili wa kukupokea au kukuelekeza. Ukifika dirishani ukaulizwa una tatizo gani, usiseme meno, maana utapelekwa kwa daktari wa meno. Sema hivi: "Nina mawazo kuhusu sura yangu yasiyoniacha, yananichukua zaidi ya saa moja kila siku, na yananizuia kufanya kazi." Sentensi hiyo inamtosha daktari kujua pa kuanzia. Na kwa kuwa mawazo ya kujiua ni mengi kwa wenye maradhi haya, kama nawe yamekujia, hilo ndilo liwe neno la kwanza dirishani, uende leo hiihii, na mwombe mtu wa nyumbani afuatane nawe.